Kimya cha Punpun: Namna Kijana Anavyopoteza Tumaini

Mhusika mkuu wa manga iitwayo Oyasumi Punpun hana uso wa binadamu. Amechorwa kwa mistari michache, kama kifaranga ambacho mtoto angekichora pembezoni mwa daftari wakati mwalimu ameipa mgongo darasa. Watu wanaomzunguka, isipokuwa jamaa zake, wamechorwa kama binadamu halisi, na mitaa wanamopita imetengenezwa kutokana na picha za kamera hata nyaya za umeme zinaweza kuhesabiwa. Tena Punpun hasikiki akisema. Maneno yake hayaandikwi ndani ya viputo vya mazungumzo kama ilivyo ada ya katuni. Msimulizi ndiye anayemwarifu msomaji kwamba Punpun amejibu hivi au amewaza vile.

Manga ni hadithi za Kijapani zinazosimuliwa kwa michoro, na kila rika lina za kwake. Hii ni ya watu wazima. Mwandishi na mchoraji wake, Inio Asano, alizaliwa mwaka 1980, na kazi hiyo ilitoka kwa mfululizo katika magazeti ya katuni ya Japani kuanzia mwaka 2007 hadi 2013, kisha ikakusanywa katika majuzuu 13. Jina lake lina maana ya "Usiku mwema, Punpun". Inamfuata mvulana mmoja tangu shule ya msingi hadi anapoingia utu uzima, na katika safari hiyo tumaini lake linapungua kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa.

Kwa wahudumu wa afya ya akili, kazi hii ina thamani ya pekee. Hospitalini kijana aliyekata tamaa huletwa mambo yakiwa yameshafika mwisho: amejidhuru, ameacha shule, au hali chakula tena. Hatua zilizotangulia hazikuonwa na mtu. Asano amezichora zote, moja baada ya nyingine.

Hadithi kwa ufupi

Punpun anaanza akiwa mtoto kama watoto wengine. Anapenda nyota, ana marafiki wa kucheza nao, na anampenda Aiko, msichana aliyehamia shuleni kwao. Kisha baba yake anampiga mama yake hadi mama analazwa hospitali. Baba anaondoka nyumbani, na mjomba, ambaye naye ana majeraha yake ya moyoni, anakuja kusaidia kumlea. Hakuna anayeketi na mtoto kumweleza kilichotokea wala kumuuliza amekipokeaje.

Aiko naye anaishi na mama aliyezama katika dini ya mafichoni. Anamwomba Punpun watoroke pamoja kwenda Kagoshima, kusini mwa Japani. Punpun anaahidi, kisha anashindwa kuitimiza ahadi, na hatia hiyo inamfuata miaka yote. Akiwa bado sekondari anafiwa na mama yake. Anapoanza kujitegemea, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga, bila lengo. Anakutana tena na Aiko wakiwa vijana wakubwa, lakini badala ya kuokoana wanazama pamoja: mama yake Aiko anauawa mikononi mwao, wanakimbia, na hatimaye Aiko anajiua.

Katika simulizi yote kuna uso mwingine unaomtokea Punpun: kichwa cha mwanamume anayecheka, mwenye nywele nyingi za mviringo, anayejiita Mungu. Mjomba alimfundisha mtoto maneno ya kumwita uso huo anapohitaji msaada. Hapo mwanzo uso unampa majibu ya mzaha. Baadaye unamdhihaki na kumchochea. Msomaji anaelewa kwamba hiyo ni sauti ya mawazo ya Punpun mwenyewe. Mtoto asiye na mtu mzima wa kuzungumza naye amebaki akijijibu peke yake, na kadiri hali yake inavyoharibika ndivyo majibu yanavyozidi kuwa mabaya.

Huzuni si sawa na kukata tamaa

Katika mazungumzo ya kila siku, huzuni na kukata tamaa huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Kitaalamu vinatofautiana. Mtu mwenye huzuni anaumia kwa yaliyotokea. Aliyekata tamaa ameshafanya uamuzi kuhusu yajayo: kesho haitakuwa bora kuliko leo, na lolote atakalolifanya halitabadili kitu. Wa kwanza hulia; wa pili aghalabu ameacha hata kulia.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, alilipa jambo hili kipimo. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha dodoso lenye sentensi 20 kuhusu namna mtu anavyoutazama wakati ujao, kila moja ikijibiwa kwa kweli au si kweli. Mwaka 1985 walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 207 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya mawazo ya kujiua, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 5 hadi 10. Wagonjwa 14 kati yao walijiua katika kipindi hicho. Katika taarifa nyingi zilizokusanywa walipolazwa, kukata tamaa ndiko kulikoashiria vifo hivyo kuliko mambo mengine: alama 10 au zaidi katika dodoso ziliwabaini asilimia 91 ya waliojiua baadaye.

Matokeo hayo hayana budi kusomwa kwa uangalifu. Wengi wenye alama za juu hawakujiua, na hakuna dodoso linalotabiri kifo cha mtu fulani. Hata hivyo, yalibadili swali la mtabibu. Kumuuliza mgonjwa kama ana huzuni hakutoshi; ni lazima aulizwe anaionaje kesho.

Tumaini hufundishwa

Je, kijana huupataje mtazamo huo? Jibu moja lilitokana na majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier, yaliyochapishwa mwaka 1967. Wanyama waliopata maumivu ya umeme wasiyoweza kuyazuia waliendelea kukaa kimya na kuyavumilia hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuyakimbia. Watafiti walisema kwamba wanyama hao wamejifunza unyonge, na kwa karibu miaka 50 maelezo hayo yalitumiwa kuifafanua sonona ya binadamu.

Mwaka 2016 watafiti hao hao waliyarekebisha maelezo yao. Baada ya kuchunguza kazi za ubongo, waliona kwamba walikuwa wamelielewa jambo kinyume. Unyonge haufunzwi. Ndio itikio la asili la ubongo wa mamalia pale maumivu yanapodumu. Kinachofunzwa ni kwamba mtu anaweza kufanya jambo likaleta matokeo. Sehemu ya mbele ya ubongo inapotambua uwezo huo, hulituliza eneo la chini linaloamsha woga na ukimya, na kumbukumbu hiyo humkinga kiumbe katika mashaka yajayo.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa malezi. Mtoto hazaliwi na akiba ya tumaini ambayo dunia humnyang'anya; hulijenga kila anapolia akaitikiwa, anapouliza akajibiwa, anapokosea akapewa nafasi ya kutengeneza. Punpun alikosa mafunzo hayo. Alipomwona mama yake akipigwa, hakuna alichoweza kufanya. Alipotaka kumsaidia Aiko, hakuwa na mtu mzima wa kumwendea. Kila tukio lilithibitisha somo lile lile, kwamba juhudi zake hazifiki popote.

Nje ya hadithi, utafiti mkubwa wa Vincent Felitti na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, uliwahoji zaidi ya watu wazima 9,500 kuhusu makundi saba ya mateso ya utotoni, yakiwamo kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kijinsia na kuona mama akifanyiwa ukatili. Ikilinganishwa na wale ambao hawakupata hata moja, waliopitia manne au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Hatari si hukumu: wengi waliopitia mateso hayo waliishi maisha mema. Lakini mtoto anayeshuhudia ugomvi wa nyumbani "asiyeelewa kitu" kwa kuwa ni mdogo, anaelewa kwa mwili wake wote.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa

Wahenga waliliona jambo ambalo Asano amelichora. Kimya cha Punpun hakimsumbui mtu. Hagombani na walimu, havunji vitu, hajibu kwa jeuri. Kwa watu wazima wanaomzunguka yeye ni mtoto mtulivu. Msomaji peke yake ndiye anayeona umbo lake likibadilika: katika kipindi kimoja anakuwa piramidi tupu yenye uso mdogo, na baadaye, maisha yanapoharibika kabisa, anaota pembe. Wahusika wengine hawaioni hali hiyo. Wanaendelea kuzungumza naye kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Hivyo ndivyo sonona ya vijana inavyojificha. Kwa mtu mzima dalili kuu ni huzuni. Kwa kijana mara nyingi ni hasira za haraka au kujitenga, na wazazi huzisoma kama utundu wa ujana. Mabadiliko yanayodumu kwa wiki mbili au zaidi yanastahili kuangaliwa: kuacha mambo aliyokuwa akiyapenda, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, kushuka ghafla kwa masomo, kulalamika kuumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana, kuanza pombe, na kujiumiza mwili kwa siri. Kauli kama "mimi ni mzigo kwenu" au "haidhuru, hata nisipokuwapo" si za kupuuzwa wala kukemewa. Hata utulivu wa ghafla baada ya siku nyingi za mashaka, hasa ukiambatana na kugawa vitu anavyovithamini, unahitaji kuulizwa.

Japani ya Punpun

Hadithi hii haikuzuka hewani. Uchumi wa Japani uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kizazi cha Asano kilifika umri wa kazi milango ya ajira ikiwa imefungwa. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2011 idadi ya watu waliojiua nchini humo ilizidi 30,000 kila mwaka. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuzuia kujiua, ambayo ililifanya jambo hilo kuwa dhamana ya serikali na jamii badala ya aibu ya familia. Miaka iliyofuata idadi ya jumla ilishuka.

Idadi ya watoto haikufuata mkondo huo. Mwaka 2022 wanafunzi 514 wa shule za msingi na sekondari walijiua, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi yao kuvuka 500. Uchambuzi wa serikali uliotolewa mwaka 2015, wa vifo vya miaka ya 1972 hadi 2013, ulionyesha kwamba siku yenye vifo vingi zaidi vya walio chini ya miaka 18 ni tarehe 1 Septemba, muhula unapofunguliwa baada ya likizo ya kiangazi. Tangu hapo walimu, maktaba na vyombo vya habari nchini humo huzungumza na watoto mwishoni mwa Agosti, wakiwaambia kwamba asiyeweza kwenda shule siku hiyo anaweza kwenda mahali pengine palipo salama.

Tatizo hili si la Japani pekee. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

Je, hadithi ya giza humdhuru msomaji?

Mzazi anayemkuta mwanawe akisoma hadithi kama hii ana haki ya kuuliza. Tangu mwaka 1974, mwanasosholojia David Phillips alipochapisha utafiti wake, inafahamika kwamba habari za kujiua zinazotangazwa kwa kishindo huweza kufuatiwa na ongezeko la vifo. Habari zinazoeleza njia iliyotumika, au zinazokifanya kifo kionekane kuwa suluhisho, ndizo zenye hatari zaidi. Kwa upande mwingine, utafiti uliofanywa Austria na Thomas Niederkrotenthaler na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba habari za watu waliofikwa na mawazo hayo wakayashinda huambatana na kupungua kwa vifo. Watafiti waliipa hali hiyo jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart ambaye anaokolewa na watoto watatu wanaomkumbusha kwamba bado kuna njia nyingine.

Oyasumi Punpun ina sura zote mbili. Ina matukio mazito yasiyomfaa mtoto, wala kijana ambaye tayari yuko katika mashaka makali na anasoma peke yake usiku. Lakini kumnyang'anya kitabu bila neno hakumsaidii kijana. Swali lenye faida ni lile linaloanzia ndani ya hadithi: kwa nini Punpun hakumwambia mtu? Wewe ungemwambia nani? Kijana asiyeweza kujieleza mwenyewe mara nyingi huweza kumweleza mhusika wa kubuni, na kwa mlango huo mzazi hupata kuingia.

Kinachoweza kufanyika

Woga unaowazuia wengi ni kwamba kumuuliza kijana kuhusu kujiua kutampandikizia wazo hilo. Woga huu ulipimwa. Madelyn Gould na wenzake waliwahusisha wanafunzi 2,342 wa sekondari katika Jimbo la New York. Baadhi waliulizwa kuhusu kujiua na wengine hawakuulizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba walioulizwa hawakupata dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua, na miongoni mwa waliokuwa tayari na sonona, walioulizwa walionekana kuwa na nafuu kidogo. Basi swali liulizwe kwa upole na kwa maneno ya wazi: "Je, umewahi kufikiri kujitoa uhai?" Kisha mwulizaji anyamaze, asikilize, asihubiri.

Kinga ya mapema nayo imethibitishwa. Katika utafiti wa nchi 10 za Ulaya uliohusisha wanafunzi 11,110 wa shule 168, na kuchapishwa mwaka 2015, programu ya kuwafundisha vijana wenyewe kuhusu afya ya akili, kwa mijadala na maigizo, ilipunguza majaribio mapya ya kujiua kwa takribani nusu baada ya mwaka mmoja. Nchini Kenya, programu iitwayo Shamiri ilijaribiwa kwa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Kwa wiki nne walikutana katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na vijana wasio wataalamu, waliopewa mafunzo mafupi, wakijifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, kutambua mema waliyonayo, na kutenda kulingana na yale wanayoyathamini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa maneno mengine, vijana walifundishwa tumaini darasani, na wakalifahamu.

Aliyekwisha kuugua anahitaji tiba. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo, iliyoasisiwa na Beck huyo huyo, humsaidia mgonjwa kuichunguza hukumu aliyoitoa juu ya kesho na kuijaribu kwa vitendo vidogo. Pale inapohitajika, daktari huongeza dawa na kumfuatilia kwa karibu. Nyumbani, sumu za shambani na akiba ya dawa zifungiwe, na kijana aliye katika hatari asiachwe peke yake mpaka afikishwe kituo cha afya. Tanzania, Kenya na Uganda zina namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia anaweza kuipiga.

Mwisho wa hadithi

Punpun hafi. Naye anajaribu kujiangamiza, lakini Sachi, msichana mchoraji aliyekuwa akimsumbua miaka mingi kwa maswali na karipio, anamtafuta, anampata, na hakubali kumwacha. Katika sura ya mwisho tunamwona kwa macho ya mwenzake wa utotoni aliyepotezana naye tangu zamani. Wanakutana barabarani kwa bahati, wanasemezana kidogo, na mwenzake anamwona amezungukwa na watu wanaomjali. Wapo wasomaji wanaouona mwisho huo kuwa mchungu, kwa sababu majeraha hayajafutika. Wahudumu wa afya ya akili huwaona wagonjwa wa namna hiyo kila siku: watu ambao hawakusahau kitu, na bado wako hai.

Tofauti baina ya Punpun na Aiko haikuwa ujasiri wala ubora wa moyo. Wote wawili walikuwa wamenyamaza. Mmoja alipata mtu aliyekikatiza kimya chake.